Mauzo hayaokotwi: kukielewa kitenzi cha Kiingereza "pick up"

Kijana mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi alikuja kwenye darasa langu la jioni na karatasi waliyotumiwa na msambazaji wao. Ilikuwa ripoti fupi ya Kiingereza, naye alikuwa ameifasiri yote kwa kalamu, mstari kwa mstari, kwa sababu bosi wake hasomi Kiingereza. Sentensi moja ilimkwamisha: "Sales picked up in March." Yeye aliandika, "Mauzo yaliokotwa mwezi wa Machi." Alijua kuna kitu hakijakaa sawa. Akaniambia, "Mwalimu, pick nimeitafuta kwenye kamusi nimeiona. Up nimeitafuta nimeiona. Sasa nimekosea wapi?"

Alikuwa amefanya kila kitu ambacho sisi walimu tunawaambia wanafunzi wafanye. Ila "pick up" ni kitenzi kimoja kinachoandikwa kwa maneno mawili, na hapo ndipo kamusi inapomwacha mtu njiani. Ukilitafuta kila neno peke yake utapata vipande, kitu chenyewe hutakipata. Wataalamu wa Kiingereza huviita vitenzi vya namna hii "phrasal verbs". Jina hilo lilienea baada ya mwandishi Logan Pearsall Smith kulitumia mwaka 1925, naye akasema alipewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford. Darasani kwangu naviita vitenzi virai. Jina ni la karne iliyopita lakini taabu ni ya zamani zaidi: Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake London mwaka 1755, alisema katika dibaji kwamba muungano huu wa kitenzi na kijineno ndio unaowapa wageni shida kubwa kuliko yote. Kijana wetu wa duka la vifaa ana wenzake wa zaidi ya miaka 250.

Kabla hatujakilaumu Kiingereza, tujiangalie na sisi. Mgeni anayejifunza Kiswahili anaambiwa kwamba "piga" ni kumchapa mtu. Kesho yake anasikia tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga magoti, na kwamba fulani kapigwa chini na mchumba wake. Anasikia mahakama imefutilia mbali hukumu, anabaki anajiuliza hukumu hiyo imefutwa umbali gani. Sisi hatuoni taabu kwa sababu maneno hayo tumeyasikia yakiwa yameshikana tangu utotoni. Mwingereza naye "pick up" ameisikia hivyo hivyo, ikiwa imeshikana.

Sasa tuanzie kwenye mkono, maana kila kitu kinatoka huko. "Pick" yenyewe ina ncha. Ni kudonoa, kuchokoa, kuchuma kimoja kimoja kwa vidole. Ndiyo maana kijiti cha kuchokolea meno kinaitwa "toothpick". Ongeza "up", yaani juu, upate picha ya mtu anayeinama, anashika kitu kwa vidole, anakiinua kutoka chini. "She picked up the coin", aliiokota sarafu. Hapa "kuokota" kwetu kunalingana kabisa, na kwa bahati mbaya hilo ndilo linalowapoteza watu, kwa sababu wakishalifunga pamoja na "pick up" hawalifungui tena.

Tazama linavyoharibika hatua moja tu mbele. "He picked up the baby." Ukisema baba alimwokota mtoto, umesema jambo zito: kwetu mtoto wa kuokotwa ni aliyetelekezwa. Kiingereza kinasema tu kwamba baba alimnyanyua mwanawe, akambeba. Kuokota kwetu kunataka kitu kiwe kimeanguka, kimetupwa au kimepotea. "Pick up" haitaki hayo, inataka tu kitu kiwe chini na mkono ukiinue.

Kutoka mkononi, kitenzi kinapanda gari. "I'll pick you up at six", nitakupitia saa kumi na mbili. Fikiria mtu amesimama kando ya barabara, gari linasimama, anapanda, linaondoka naye: bado kuna kuinuliwa kutoka chini, ila mkono umegeuka kuwa gari. Kwa Kiswahili tunachagua neno kwa kuangalia safari. Kama dereva yuko njiani tayari, anakupitia. Kama anatoka kwake kwa ajili yako, anakuja kukuchukua. Na kama ni dereva wa daladala, anapakia abiria. Kiingereza hakijali tofauti hizo. Gari lenyewe likapata jina hapo hapo. Mwaka 1925 kampuni ya Ford ilianza kuuza Model T iliyotoka kiwandani ikiwa na bodi ya kubebea mizigo nyuma, nayo iliitwa "pickup". Sisi tunalo neno hilo, pikapu, na wengi wetu tulilijua kabla ya kujua Kiingereza chochote.

Katika familia hiyohiyo ya maana, ile ya kuinua na kuchukua, kuna "pick up some bread on your way home." Hapa usifasiri "nunua mkate" ukaishia hapo. Mkate unanunuliwa, ndiyo, lakini sentensi inasema usifunge safari kwa ajili yake: ukipita, chukua. Kiswahili kizuri ni "upitie mkate ukirudi".

Familia ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, na ndiyo inayoonyesha jinsi lugha mbili zinavyoutazama ulimwengu kila moja kwa upande wake. Ni ya vitu unavyovipata bila kupewa wala kufundishwa. "She picked up Swahili in Zanzibar": hakuingia darasani, alikaa na watu, akasikia, kikamwingia. Tunalo neno karibu sana nalo, "kuokoteza", lakini lina harufu ya dharau. Kiingereza cha kuokoteza ni cha vipande vipande, cha huku na kule. Sentensi ya Kiingereza haina dharau hiyo, aghalabu ni sifa. Ningesema "Kiswahili alikipatia Zanzibar", au, kama nataka kusifu wepesi wake, "alikidaka". Mwanafunzi mwepesi wa kudaka, Mwingereza angesema "she picks things up quickly". Mkono upo katika lugha zote mbili. Tofauti ni kwamba wetu unadaka hewani, wao unaokota chini.

Magonjwa nayo yamo humu. "I picked up a cold on the bus." Hapa Kiswahili kinageuza mambo kabisa. Kwa Mwingereza, mtu ndiye mtendaji: ameokota mafua kama alivyookota sarafu. Kwetu ugonjwa ndio wenye mikono. Mafua yamenishika, kikohozi kimenibana, malaria imemwangusha. Kwa hiyo mfasiri mzuri hatafuti neno la kukaa mahali pa "pick up", anaigeuza sentensi yote: "Mafua haya yamenishikia kwenye basi," au "Nimeyapatia kwenye basi." Nimeona tafsiri nyingi zilizoandikwa "nilichukua mafua". Zinaeleweka, lakini zinamfanya msomaji asimame na kurudia mstari.

Na mitambo inaokota pia. Redio ikikamata kituo cha mbali, rada ikiona meli, mbwa wa polisi akishika harufu, zote ni "pick up", kwetu kunasa. Kile kifaa kilicho chini ya nyuzi za gitaa la umeme, kinachonasa mtikisiko wake na kuupeleka kwenye spika, kinaitwa "pickup" vilevile. Mtu naye akinasa jambo ambalo halikusemwa wazi, Kiingereza kinaongeza kijineno kingine: "She picked up on his fear", aling'amua kwamba ana hofu.

Sasa turudi kwenye mauzo ya Machi, maana yanatoka kwenye familia ya tatu, na familia hii ina alama moja inayoitambulisha. Hadi sasa kila mara kulikuwa na mtu au chombo, na kulikuwa na kitu kinachookotwa. Katika "sales picked up" hakuna kinachookotwa. Baada ya kitenzi hakuna mtendwa. Sentensi inakwenda moja kwa moja kwenye wakati, "in March". Ukiona hivyo, jua kitu chenyewe kimejiinua. Biashara imechangamka, upepo umeshika kasi, mgonjwa ameanza kupata nafuu. Vijana wetu wanasema mambo yamechanganya, na gari likichanganya ndiyo limeshika mwendo. Kosa la kijana wangu halikuwa la msamiati hata kidogo. Alikiona kitenzi akadhani lazima kuna mtu anayeokota, na alipomkosa, akaibandika kauli ya kutendwa, "yaliokotwa", ili sentensi isibaki bila mwenyewe.

Lakini kuna jambo la ndani zaidi katika "pick up" ya namna hii, na makamusi mengi hayalisemi kwa nguvu inayostahili. Huwezi kuinuka kama hukuwa chini. Biashara iliyokuwa ikienda vizuri mwaka mzima, kisha ikazidi kidogo, Mwingereza ana maneno mengine ya kuieleza: "rose", "grew". Akisema "picked up", kwa kawaida amekwisha kukuambia kwamba kabla ya hapo mambo yalikuwa yamelala, au angalau yamepoa.

Kuna maana nyingine nazitaja kwa haraka tu. "Let's pick up where we left off", tuendelee pale tulipoishia. Mfikirie msusi aliyeuweka ukili chini akaenda jikoni, sasa anaushika tena palepale alipoachia. "He picked up the bill", bili alilipa yeye, kwa kuwa karatasi ililetwa mezani na yeye ndiye aliyeinyakua. "He picked her up in a bar" ni kuopoa, na sina haja ya kuieleza zaidi. Inatosha kusema kwamba mtaa wa Kiswahili na mtaa wa Kiingereza ulifikiria jambo moja, wetu ukalitoa majini na wao ardhini. Na simu: "pick up the phone". Zamani ilikuwa kweli, mtu aliunyanyua mkono wa simu kutoka kwenye kitako chake. Leo hakuna kinachonyanyuliwa, kidole kinagusa kioo tu, lakini kitenzi kimebaki. Ndiyo hadithi ya "hang up" pia: simu za zamani zilikuwa na ndoano pembeni, ukitundika kisikilizio mazungumzo yanakatika. Sisi tulichagua kupokea na kukata, Kenya wanasema pia kushika simu.

Sarufi yake ina kona moja inayowaangusha hata wanaozungumza vizuri. Unaweza kusema "pick up the child" na unaweza kusema "pick the child up". Vyote sawa. Lakini mtoto akishageuka kuwa kiwakilishi, njia inabaki moja: "pick him up". "Pick up him" haisemwi. Walimu huwaambia wanafunzi wakariri, nao hukariri, na mwezi unaofuata wamesahau. Mimi nimeacha kuwakaririsha. Nawaandikia ubaoni neno lao wenyewe: a-li-m-chukua. Nauliza, yule anayechukuliwa amekaa wapi? Wanajibu, ndani ya kitenzi, kwenye "m". Basi na Kiingereza kinafanya vivyo hivyo hapa: kitenzi kimepasuliwa vipande viwili, "pick" na "up", na "him" amewekwa katikati. Jina zima, refu, lenye habari mpya, linaweza kusubiri nje, kama sisi tunavyosema "alichukua mtoto". Kiwakilishi, kidogo na kinachojulikana tayari, kinaingia ndani. Tangu nianze kueleza hivi, kosa hilo limepungua sana kwenye madaftari ninayosahihisha.

Vitenzi vyenye vijineno viwili kwa kawaida havipasuliwi. "Pick up on" inabaki imeshikana, na "pick up after the children" pia, yaani kuzunguka nyuma ya watoto ukiokota wanavyoviacha.

Hapa sina budi kusimama kwenye Kiingereza chetu wenyewe, cha Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, maana kimefanya jambo la kuvutia. Tunasema "I will pick you at the stage", yaani nitakupitia kituoni. Tunasema "He is not picking my calls." Ile "up" tumeidondosha. Kwa Mwingereza, "pick" bila "up" ni kuchagua au kuchuma, kwa hiyo "I will pick you" kwake inasikika kama ahadi ya kumteua mtu kwenye timu. Mara nyingi ataelewa kwa muktadha, lakini kuna siku haitaeleweka.

Kwa nini tumeidondosha? Nasikia watu wakisema ni uzembe, nami sikubaliani nao. Katika Kiswahili, na katika jamaa zake wa Kibantu, mwelekeo na namna ya tendo hukaa ndani ya kitenzi. Pita, pitia, pitisha, pitana: kiambishi kimoja mwishoni na maana imegeuka. Neno "chukua" limebeba kila kitu, halihitaji kijineno cha kulifuata nyuma. Mtu aliyekulia katika lugha kama hiyo anapokutana na "pick up", sikio lake linaiona "up" kama mzigo wa ziada usio na kazi. Wakati mwingine tunakosea upande wa pili kwa sababu hiyohiyo: tunasema "cope up with", tukiongeza "up" pale ambapo Mwingereza anasema "cope with" tu. Kijineno kisicho na picha kichwani mwako, hujui kinapotakiwa na pasipotakiwa.

Na ukitaka ushahidi kwamba jambo hili lina mantiki yake, angalia tunavyochanganya lugha. Kijana anaandika "ntakupick saa ngapi?" Ameingiza kitenzi cha Kiingereza ndani ya Kiswahili, mtendwa "ku" kakaa mahali pake, na "up" imeachwa nje ya mlango. Lakini maneno ya aina hiyo yanapoingia kama majina, yanaingia mazima: pikapu, mekapu, chekapu, bakapu. Hata mkazo tumeyapa wetu, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: piKApu, wakati Mwingereza anaukazia mwanzo. Jina tunalipokea kama mgeni na mizigo yake yote. Kitenzi tunakivua na kukivalisha viambishi vyetu. Si kanuni ya chuma. Nairobi utasikia "nimegive up", kwa sababu "nimegive" peke yake ingekuwa kutoa, na hakuna ambaye angeelewa kwamba umekata tamaa.

Nisemeje kwa mwanafunzi basi? Ukimwandikia rafiki yako wa Kampala, "pick me" inatosha, wala asikudharau mtu. Ukiandika barua ya kazi kwa watu wa nje, au unajibu mtihani, irudishe "up". Na jua kwamba mwandiko rasmi wa Kiingereza mara nyingi una neno la pili kando ya kitenzi kirai. Baada ya Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, kuitawala Uingereza mwaka 1066, vitenzi vingi vya Kifaransa na vya Kilatini viliingia kupitia ikulu, mahakama na kanisa, vikakaa juu ya vile vya nyumbani. Ndiyo maana kifurushi kwenye tangazo ni "collect" na mdomoni ni "pick up". Mkutano kwenye barua ni "postpone" na mdomoni ni "put off". Sisi tunalijua jambo hili vizuri: mkutano umeahirishwa, mkutano umesogezwa mbele. Ila usidhani "pick up" ni lugha ya vijiweni. Habari za uchumi huitumia kila siku, na ile ripoti ya msambazaji ilikuwa karatasi rasmi kabisa.

Kijana aliirudia sentensi yake pale pale darasani. Alifuta "yaliokotwa", akafikiri, akaandika "yalipanda". Nikamwambia haijatosha, nikamweleza habari ya kuinuka na kuwa chini. Akafuta tena na kuandika, "Mauzo yalianza kuchangamka tena mwezi wa Machi."

Wiki iliyofuata aliniambia kwamba bosi wake alipofika kwenye mstari ule aliinua kichwa na kumuuliza, "Kwa hiyo Januari na Februari hata wao walikuwa hawauzi?" Karatasi nzima haikuwa na neno lolote juu ya Januari wala Februari.

Kijana alimjibu, "Ndiyo, mzee. Ndivyo walivyoandika."